Mchwa Wenye Rula

Maisha yangu yaliharibika siku nilipochomoa karatasi iliyokwama kwenye printa ya ofisi. Sikufanya la ajabu. Nilifungua mlango wa nyuma, nikavuta, ikatoka. Bahati mbaya siku hiyo binamu yangu alikuwa amekuja kunisalimia kazini, kule Mtumba, akaniona. Kufika jioni, ukoo mzima kuanzia Kikuyu hadi Bahi ulikuwa na habari kwamba kijana wao ni mtaalamu wa kompyuta.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kujua jalada liko wapi, na nani alilichukua akasema hakulichukua. Kompyuta naijua kama ninavyomjua ng'ombe wa jirani: namtambua kwa rangi, ila sijui anakula nini wala anaumwa wapi.

Basi ukoo ulipokaa kupanga kulijengea kaburi la Babu kule Mvumi, kazi ziligawanywa kwa vipaji. Mmoja akapewa saruji. Mmoja maji, na maji ya Mvumi mwezi wa Oktoba ni kazi ya mtu mzima mwenye punda wawili na subira ya watu watatu. Shangazi akachukua chakula. Kisha Baba Mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, akanigeukia.

"Wewe utashughulika na picha ya marehemu. Isafishwe, ikae kwenye marumaru ya kaburi. Wewe si mambo yako hayo ya kompyuta?"

Ningekataa pale pale, ningekuwa bado na kilo zangu.

Babu alipigwa picha mara moja tu maishani mwake. Ilikuwa hapa Dodoma mjini, mwaka 1973, na familia inaukumbuka mwaka huo kwa sababu ndipo TANU ilipoamua makao makuu ya nchi yahamie huku. Babu alikuwa amekuja kuuza ng'ombe. Hadithi ya ukoo inasema aliposikia Serikali inakuja, aliingia studio haraka apigwe kabla mji haujajaa watu. Angeweza kutulia. Waziri Mkuu alihamia mwaka 2016, na miaka yote hiyo picha ilikuwa ndani ya sanduku la Bibi, ikisubiri kama wengine tulivyosubiri.

Ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Babu amekaa kwenye kigoda, fimbo mkononi, shuka begani, kainamia kidogo upande wa kushoto. Nyuma yake kuna pazia la studio lenye maua makubwa. Ndewe za masikio zimetobolewa na kuning'inia, kama wazee wa Kigogo wa wakati ule. Paji la uso lina ile alama ya duara. Mdomo ameufunga kwa nguvu, kwa sababu meno ya mbele ya chini yaling'olewa kimila na hakuona sababu ya mpiga picha kuyajua mambo hayo. Kuna mkunjo ulioanzia kwenye kona ukaja kumkata shavuni. Na upande wa kushoto, toka juu hadi chini, kipande cha upana wa vidole viwili hakipo kabisa.

"Mchwa," alisema Baba Mkubwa.

Niliipeleka picha dirishani nikaitazama vizuri. Ule ukingo ulikuwa umenyooka mno. Kazi ya mchwa naijua. Walishakula mlango wa stoo yangu Nkuhungu wakaniachia rangi peke yake imesimama. Mchwa hula kwa kupindapinda, kama mtu anayetoka kilabuni. Hawa wa Mvumi walikuwa na rula. Lakini nani abishane na mwenyekiti wa kamati? Nikanyamaza.

Kulikuwa na jambo jingine. Baba Mkubwa alikuwa ameshalipia marumaru yenyewe, sentimita 30 kwa 20, na alitaka ilale. "Picha ya heshima hulala," alisema. "Angalieni televisheni zote." Sasa picha ya Babu inasimama, tena imekatwa ubavu. Kwa hiyo kazi yangu ikawa kumsafisha, kuziba palipokatwa, kisha kumpanua mpaka aijaze marumaru bila kumnenepesha.

Jaribio la kwanza nilimnenepesha. Nilifungua Paint, ile iliyokuja na kompyuta, nikashika ukingo wa picha nikavuta. Babu, mtu aliyeishi kwa uwele na mlenda, aliyetembea kwa miguu kutoka Mvumi hadi mjini akiswaga ng'ombe, akapata mashavu ya mkandarasi wa barabara. Nikafunga kompyuta kabla watoto hawajaona.

Kila niliyemuuliza alinijibu "Photoshop", kwa sauti ile ile ya mtu anayekwambia mgonjwa huyu mpelekeni Muhimbili. Jina hilo limeshakuwa kitenzi hata mitaani kwetu; mtu akitoka vizuri kwenye picha, wenzake husema amefotoshopiwa. Programu yenyewe ilianzishwa na ndugu wawili wa Marekani, Thomas na John Knoll. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Thomas alikuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Michigan, ana tasnifu ya kuandika, na kama ilivyo kwa kila mwenye tasnifu ya kuandika, akatafuta kitu kingine cha kufanya. Toleo la kwanza likatoka Februari 1990. Picha waliyokuwa wakiitembeza kuonyesha uwezo wake ilikuwa ya Jennifer, mpenzi wa John, ambaye baadaye alikuja kuwa mkewe. Alipigwa mwaka 1987 akiwa amekaa ufukweni Bora Bora, ameipa kamera mgongo. Wakawa wanamnakili Jennifer hapo hapo mbele ya wageni, mmoja anakuwa wawili. Yaani tangu siku ya kwanza, kazi ya programu hizi ilikuwa kumwongeza mwanamke kwenye picha. Hilo nalisema leo; wakati ule halikunipitia akilini.

Tangu mwaka 2013 matoleo mapya ya Photoshop hununui ukaondoka nayo. Unalipia kwa mwezi, kama king'amuzi. Niliangalia bei, nikaangalia mshahara, nikakumbuka kwamba Babu alikwishapumzika na mimi nina watatu wanaokwenda shule. Rafiki mmoja akanipa flashi yenye nakala ambayo, kwa maneno yake, "imeshafunguliwa". Najua. Msihangaike kunihukumu, hukumu ilikwishapita. Ile nakala ilifunguka kwa Kirusi. Menyu yote, toka mwanzo hadi mwisho. Kwa siku tatu nilibonyeza maneno kwa kukisia sura zake, kama mtu anayechagua tikiti maji kwa kuligonga. Siku ya nne kompyuta yangu mpakato ikaanza kufungua kurasa za kubashiri mechi bila kuombwa. Nilimpelekea kijana wa TEHAMA ofisini, akaipuliza kwanza vumbi jekundu la Nkuhungu, akaiwasha, akaitazama, akaizima.

"Mzee," akasema, "humu kuna virusi vingi kuliko daladala la asubuhi."

Hapo ndipo alipoingia mpwa wangu anayesomea kompyuta UDOM. Mtoto mzuri, ila ana imani. Wenzake wakiongelea mpira, yeye anaongelea programu huria, kwa moto wa mhubiri wa stendi. "Mjomba, kwa nini uibe wakati kuna ya bure?" Akaisafisha kompyuta, akaniwekea GIMP. Hiyo nayo, alinieleza, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Nikaona sasa picha zote za dunia zinatengenezwa na wanafunzi waliokimbia vitabu, nikamwangalia mpwa wangu kwa wasiwasi wa mtu anayemlipia hosteli. Programu ikafunguka ikiwa na kinyago chake, mnyama mwenye brashi mdomoni. Sijaweza kusema kama ni mbweha au panya.

"Kitu cha kwanza, Mjomba, uelewe leya."

Akaeleza. Picha si karatasi moja. Ni karatasi nyingi zinazoonyesha, zimepangwa moja juu ya nyingine. Unachora kwenye ya juu, ya chini inabaki salama. Photoshop waliingiza jambo hilo mwaka 1994, katika toleo la 3, na dunia ikashangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu nimefika Kolo. Ukitoka Kondoa kwenda Babati unapanda mawe yale, unakuta watu wembamba warefu na wanyama wa rangi nyekundu, na juu yao mtu mwingine wa zama nyingine amepaka ya kwake, na nyeupe ikaja juu ya nyekundu. Leya tupu. UNESCO waliiweka michoro hiyo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Na jambo ninalowaheshimia wachoraji wale ni kwamba faili zao zinafunguka mpaka leo.

Nasema hivyo kwa uchungu. Saa moja ya kwanza ya GIMP nilichagua mkunjo wa shavuni, nikadhani nimeuchagua mkunjo, nikabonyeza Delete. Babu akatoweka. Mahali alipokuwa pakabaki miraba ya kijivu na nyeupe, bao la drafti, kigoda na fimbo vimekwenda naye. Nilimtafuta kila kona ya kompyuta. Mpwa wangu alirudi kutoka kununua chipsi, akabonyeza vitufe viwili, Babu akarejea amekaa vile vile. Jasho lilinitoka kama walinzi wa kaburini siku ya Pasaka.

Baada ya hapo nilijifunza muhuri wa kunakili. Ni kifaa rahisi: unachukua sehemu nzuri ya picha unaigonga juu ya sehemu mbaya. Nilichukua ua moja la pazia, nikapaziba nalo pale pa mchwa. Likakaa vizuri. Nikaongeza la pili. Nikapanua picha kulia na kushoto ili ilale kama alivyotaka mwenyekiti, nikagonga maua mpaka saa saba za usiku. Asubuhi nilipoitazama na macho mapya, Babu alikuwa amekaa katikati ya maua sitini na kitu yanayofanana kama mapacha, amezungukwa, kama muuza vitenge wa Barabara ya Nane anayesubiri mteja wa mwisho. Lakini shavu lilikuwa limepona, na usoni alikuwa yeye. Nikaihifadhi, nikaitia kwenye flashi, nikapanda bodaboda mpaka kwa mchapaji.

"Bosi, hili faili gani?"

"La picha."

"Linaishia na XCF."

"Ndiyo. Ni picha."

"Picha ya nini?"

"Ya babu yangu."

Kijana akajaribu tena, akatikisa kichwa kwa huruma. "Babu hafunguki, bosi."

Kumbe GIMP ukiiambia ihifadhi, inahifadhi kwa lugha yake ya nyumbani. Ukitaka picha ya kutembea nayo mjini, JPEG, unatumia amri nyingine, ya kuihamisha nje. Kosa langu, mpwa aliniambia, na alikuwa ameniambia hapo kabla, nikiwa namsikiliza kama tunavyosikiliza matangazo ya usalama kwenye basi.

Kuhusu Photopea sina mengi. Ni programu inayofunguka ndani ya kivinjari, haisakinishwi, inafanana na Photoshop mpaka unashtuka, na iliandikwa na mtu mmoja, Ivan Kutskir. Nilivutiwa sana na mtu anayefanya peke yake kazi ambayo kamati yetu ya watu tisa ingeishindwa. Nikawasha hotspoti ya simu. Kompyuta ikaona intaneti, ikakumbuka kwamba haijajisasisha tangu nilipoinunua, ikajisasisha. Bando la wiki nzima likaliwa kabla sijamfikisha Babu mezani.

Nilifanya basi nililopaswa kufanya mwanzo: nikaenda kwa fundi. Ana kibanda cha steshenari karibu na soko la Majengo. Nje kuna ubao, PASPOTI SAIZI DAKIKA 5, ndani kuna kompyuta yenye kioo cha kichogo na feni inayolia kama kinu cha mashine ya kusaga. Anatumia Photoshop 7. Hiyo ilitoka mwaka 2002, ikiwa na brashi mpya wakati ule, brashi ya kuponya, ambayo unaigusisha kwenye kovu na kovu linajifunika na ngozi ya jirani. Fundi hakuona sababu ya kwenda mbele zaidi ya hapo. Mkono mmoja ulikuwa kwenye panya wa kompyuta, mwingine kwenye karanga. Mkunjo wa shavuni, ulionikosesha usingizi wiki mbili, ulikwisha kwa muda wa karanga nne. Kabla sijamshukuru akapandisha brashi juu, tap tap, alama ya paji la uso ikafutika.

"Nimemtoa na lile doa."

"Si doa lile, fundi, ni..."

"Usijali, bosi, hilo sichaji. Ni paspoti au kitambulisho?"

"Ni ya kaburi."

Akaacha kutafuna. Akafikiri kitaalamu. "Kaburi wanataka bluu au nyeupe?"

Mtu yeyote aliyewahi kujaza fomu nchi hii anajua swali hilo si la utani. Kuna ofisi zinazotaka nyuma ya kichwa chako pawe bluu, kuna zinazotaka pawe peupe, na ukikosea unarudishwa ukapigwe tena. Nilibabaika. Yeye akachukulia kubabaika kwangu kuwa ni bluu. Pazia likaondoka na maua yake yote, bluu ikaenea kushoto, ikaenea kulia, marumaru ikajaa ukingo kwa ukingo, pengo la mchwa likawa kama halijawahi kuwepo. Kisha akafungua folda iliyoandikwa SUTI MPYA KABISA. Sikuwahi kupata nafasi ya kusema neno. Shuka la Babu likatoka, suti nyeusi ikaingia, shati jeupe, tai yenye mistari ya dhahabu. Hapo nikainua macho ukutani, kwenye picha za mfano. Dereva wa lori, suti ile ile. Binti wa chuo, suti ile ile imebanwa kidogo kiunoni. Mgombea udiwani, suti ile ile, tai ile ile. Babu alikuwa amejiunga na baraza.

Elfu tatu. Nikalipa bila kubembeleza, na hapa niseme ukweli wangu: kwa ufundi mtupu, ile ndiyo kazi safi kuliko zote nilizoziona. Watu hubishana miaka kuhusu programu ipi kali zaidi, wakati programu kali ni ile ambayo mkono wa fulani umeizoea mpaka anaweza kula karanga. Tatizo ni kwamba mkono huo ulikuwa umezoea suti.

Nikiwa bado natafakari, simu ikaanza kutetemeka mfukoni. Kundi la ukoo. Shangazi, ambaye hakupewa kazi ya picha na hilo lilikuwa limemuuma, alikuwa ameingiza ile picha ya zamani kwenye programu fulani ya simu, jina lake nalihifadhi, ya akili mnemba. Unaipa picha chakavu, inakurudishia mpya, yenye rangi. Sekunde thelathini. Chini yake alikuwa ameandika: "Wengine mwezi mzima, wengine dakika."

Nikaifungua. Palikuwa na mzee mmoja mzuri sana. Ngozi yake imechujwa ikawa ya mtangazaji wa televisheni. Hilo halikunishtua sana, maana picha na rangi zetu zina ugomvi wa siku nyingi. Kwa miongo kadhaa viwanda vya filamu vilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikaitwa kadi za Shirley, na watu weusi walitoka kwenye picha wakiwa meno na kola tu. Malalamiko yaliyokuja kusikika, miaka ya 1970, yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao kahawia zao zote zilikuwa zinatoka rangi moja. Yaani kabati lilisikilizwa kabla yetu. Kwa hiyo weupe wa Babu niliumeza. Kilichonishinda ni kwamba amefungua mdomo. Alikuwa anatabasamu, na ndani mlikuwa na meno, mengi, yamejipanga juu na chini kama vitufe vya kinanda. Masikio yalikuwa yameziba. Paji la uso laini kama yai.

Na kushoto, pale pa mchwa, programu ilikuwa imefikiri. Iliona bega la Babu limeinamia upande ule, ikajiuliza mtu huinamia nini, ikajijibu. Ilikuwa imechora bega la mwanamke, khanga, nusu ya uso unaocheka, na mkono wenye bangili tatu umetua juu ya shuka la Babu.

Mioyo na makofi yalimiminika. Vijana wa Dar es Salaam waliandika kwamba sasa wanajua uzuri wao umetoka wapi. Baba Mkubwa peke yake aliandika, "Huyo wa pembeni nani?" Shangazi akamjibu, "Mapambo tu, kaka."

Jumamosi tulipakiana kwenye Noah, mimi, Shangazi, Baba Mkubwa na mpwa mwenye kompyuta mapajani, kwenda Mvumi kumwonyesha Bibi achague. Mimi nilibeba picha tatu zilizochapwa: ya maua, ya suti, na ya Shangazi. Baba Mkubwa alipakata marumaru ndani ya boksi lake kama mtoto mchanga. Tulifika tumekuwa rangi moja wote, nyekundu, wala hakuna kadi ya Shirley ambayo ingetutenganisha.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwa," akaitika Bibi toka chini ya mkungugu, alipokuwa anapepeta uwele. Tukampa shikamoo zake, akaita tuletewe maji, akauliza habari za kila mtu hadi za ng'ombe wa watu, ndipo akafuta mikono kwenye khanga akapokea picha ya kwanza.

Akaitazama ile ya maua. "Alifungua duka?"

Akapokea ya suti. Hapo alicheka mpaka ungo ukamponyoka. "Hii kaazima kwa nani? Mtu aliyekataa suruali siku ya harusi yake!"

Akapokea ya tatu. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha.

"Huyu bwana ni wa Serikali?"

"Ni Babu, mama," alisema Shangazi.

"Baba yenu hakuwa na meno haya. Mimi si ndiye niliyekuwa namsagia nyama?" Kidole chake kikatambaa taratibu juu ya karatasi, kikavuka bega, kikafika kwenye bangili, kikasimama. Kuku walisikika wakiparura nyuma ya nyumba.

"Huyu mmemtoa wapi?"

"Hayupo, mama. Kompyuta imebuni tu."

"Imebuni."

"Ndiyo, mama."

"Na bangili imebuni? Zote tatu?"

Hakuna aliyejibu. Bibi aliweka picha mapajani, akaitazama kwa utulivu wa mtu anayesoma barua ya zamani.

"Huyu nilimkata kwa wembe mwaka ule ule. Taratibu, nisimguse yeye. Nikamtia jikoni, nikakaa pale mpaka akaisha. Leo mmemrudisha." Akapumua. "Tena mmempa na rangi."

Baba Mkubwa alipaliwa na maji. Alipopona alikuwa anaangalia vidole vyake, na mimi niliyezoea kusoma majalada nilimwona wazi kwamba anapiga hesabu ya mwaka 1973. Mpwa wangu alifungua kompyuta, akaifunga. Shangazi, mara ya kwanza tangu nimjue, alikosa la kuandika.

Ili kuvunja ukimya, Baba Mkubwa alianza kueleza kiufundi. Kwamba picha imepungua ubavu. Kwamba marumaru inalala. Kwamba ndiyo maana ilibidi kupanua, na mtu akipanua lazima ajaze kitu, na kitu kikijazwa ndiyo hivyo tena. Bibi alimsikiliza yote. Kisha akanyoosha mkono, akapewa boksi. Akatoa marumaru, akaishika pande mbili, akaigeuza. Akachukua ile picha ndogo ya asili toka mikononi mwangu, ya Babu na kigoda chake, ndewe zake na mdomo wake uliofungwa, akaisimamisha mbele ya marumaru.

"Hii haisimami?"

Tuliiangalia. Ilikuwa inasimama. Na ukingo ule wa wembe ulikuwa sambamba kabisa na ukingo wa marumaru.

Mpwa wangu akakohoa kidogo. "Hiyo haihitaji hata programu, Mjomba. Mkunjo tu nitautoa, dakika mbili."

Bibi hakuwa anatusikiliza tena. Alikuwa ameirudia ile ya tatu, ya Shangazi, ameilaza juu ya ungo na kuinyoosha kwa kiganja.

"Mjukuu wangu," akaniita, "si wewe ndiye wa kompyuta? Nenda ndani, juu ya dirisha. Niletee wembe."